Marehemu Alihudhuria Kikao

Jumatatu, tarehe 8 Julai 2002, saa tatu na dakika kumi asubuhi, karani wa mahakama ya mwanzo alirudisha faili la mirathi ya Reginald Nanguka kwa mara ya tatu. Aliyelipokea alikuwa Julia, binti wa marehemu, mwalimu wa hisabati huko Newala, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja.

Mara ya kwanza lilirudi kwa kukosa hati ya kifo. Mara ya pili mahakama ilitaka kujua kwa nini mirathi ya Mwanglikana, tena katekista, haikupelekwa mahakama ya wilaya. Ukoo ulijibu kwa barua kwamba marehemu aliishi kwa mila, na ukataja ushahidi: siku ya arobaini, mpwa wake alirithishwa jina lake. Barua ilikubaliwa. Sasa karani, Bi Ziada, alifungua muhtasari wa kikao cha ukoo cha kumpendekeza msimamizi na kuweka kidole kwenye orodha ya waliohudhuria. Wa kwanza alikuwa Reginald Nanguka. Mbele ya jina palikuwa na sahihi.

"Mwalimu, marehemu alifariki mwezi wa pili. Kikao kilifanyika mwezi wa tano. Huyu aliyesaini ni nani?"

Julia alieleza kwamba ni mpwa, Cyril Mchopa, na kwamba tangu arobaini hakuna aliyemwita Cyril.

"Mila naijua, mimi ni Mmakonde," alisema Bi Ziada. "Babu yangu amekwisha kufa mara nne. Lakini hakimu hawezi kugawa mali ya mtu anayesaini."

Alitaka muhtasari mpya, wenye jina la Cyril na sahihi ya Cyril.

Julia hakuwa na muda wa kupoteza. Kwa kawaida ya kwao mwanamume huhamia kwa wakwe, lakini baba yake alijenga Lulindi, kwenye ardhi ya ukoo wake yeye, wa upande wa mama, na kumleta mkewe Ethel kutoka Mkunya. Ethel alikuwa ameishi hapo miaka arobaini na miwili. Mikorosho mia mbili waliipanda pamoja. Sasa ukoo ulisema arudi Mkunya kabla ya mvua za kupandia, na mikorosho ifuate jina, yaani iwe ya Cyril. Cyril alikuwa amekwisha kumwonyesha shamba mnunuzi kutoka Mtwara, mmoja wa wale waliokuja tangu biashara ya korosho ilipofunguliwa kwa watu binafsi. Julia akiteuliwa msimamizi wa mirathi, hakuna ambaye angeweza kuliuza shamba bila yeye, na mama angebaki.

Sheria mpya ya ardhi ya vijiji, iliyoanza kutumika mwaka uliotangulia, ilisema kwamba mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu. Julia alikinakili kifungu hicho kwenye daftari na kuusomea ukoo katika kikao cha mwezi wa tano. Lameck, katibu wa ukoo, alimshukuru kwa kusoma vizuri, kisha akaendelea na ajenda.

Jumamosi, tarehe 13, ukoo ulikutana tena Lulindi, barazani kwa Lameck. Cyril alikuwa na miaka ishirini na tisa. Julia alimwamkia shikamoo, kwa kuwa kwa jina lile alikuwa baba yake, naye akaitikia marahaba, mwanangu.

Ombi lilikuwa moja, na lilichukua saa tatu. Lameck alipendekeza yaandikwe majina yote mawili. Julia alisema sahihi ni moja. Mzee mmoja akashauri abadilishwe jina marehemu, kwa kuwa yeye hatakuwa na pingamizi. Watu walicheka. Julia hakucheka. Alieleza upya, kwa mpangilio uleule aliotumia kwa darasa la tano, na alipomaliza akaulizwa kama mahakama ingekubali dole gumba.

Hatimaye Cyril alisema. "Koti la mjomba mlinivisha ninyi wenyewe, siku ya arobaini. Wewe, Julia, ndiye uliyenifunga vifungo. Nikiandika Cyril, nimemzika mara ya pili."

Hilo lilikuwa kweli.

Ethel, aliyekuwa ameketi mkekani na wanawake wengine, aliomba kusema.

"Baba Julia," alimwita Cyril, kama alivyomwita mumewe. "Kama wewe ni Reginald, mimi ni mkeo. Reginald hakunipa talaka, kwa hiyo sihami. Kama wewe ni Cyril, shamba ulilomwonyesha yule mtu ni la nani?"

Cyril aliomba muda wa kufikiri. Lameck aliandika kwamba Reginald Nanguka ameomba muda wa kufikiri. Julia alimtaka afute.

Jumatatu Ethel alimtumia Cyril ujumbe kwamba paa la jikoni linavuja, na mume anapaswa kuliezeka kabla ya mvua. Jumatano aliagiza sukari na dawa ya miguu. Ijumaa alituma kuuliza ni lini atapeleka kuni. Ujumbe huo ulipokewa na Nancy, mke wa Cyril, ambaye paa lake mwenyewe lilikuwa likivuja tangu Machi. Alikwenda kwa Ethel kuuliza kama mambo haya yataendelea.

"Mpaka nife," alijibu Ethel. "Na kwetu tunaishi sana."

Alhamisi, tarehe 25 Julai, Cyril alikwenda kwa Lameck na kutia sahihi muhtasari mpya. Aliandika Cyril Mchopa. Lameck alisema ukoo utaendelea kumwita Reginald. Cyril alisema waite wapendavyo, ila wasimwite kwenye karatasi. Kesho yake Bi Ziada alipokea faili, na tangazo la maombi likabandikwa.

Shauri lilisikilizwa Jumatano, tarehe 28 Agosti, baada ya siku za tangazo kwisha. Hakimu aliuliza kama yupo mwenye pingamizi. Cyril alisimama. Akaulizwa jina.

"Cyril Mchopa."

"Una pingamizi?"

"Sina, mheshimiwa. Nimesimama ili mnione."

Saa tano na dakika ishirini hakimu alimteua Julia kuwa msimamizi wa mirathi na kutia sahihi.