Sonara wa Mtaa wa Kanisa

Watatari walipotuma wahesabu watu mjini kwetu Suzdal, kila nyumba ilijua wanachotaka: ushuru wa manyoya na, kutoka kila mtaa, fundi mmoja wa kupelekwa Sarai, mji wa Khan, mfalme wao, asirudi. Mtaa wetu ulikuwa na sonara mmoja tu wa kweli. Tverdila ndiye aliyejua kuyeyusha rangi juu ya dhahabu hadi ndege wadogo wakatokea kwenye hereni za mabibi. Hakuna aliyehitaji kupiga kura.

Tverdila hakutaka kwenda, na nani angetaka? Lakini wahesabu waliwaacha watu wa kanisa, maana Khan alipenda kuombewa na kila dini. Basi akampelekea Baba Kirik kinara cha fedha, naye padri akamwandika mpiga kengele. Tverdila akazima tanuri, akavaa joho jeusi lililomfika magotini. Watu wakacheka kichinichini, ila hawakumchongea. Alikuwa mtu wao.

Alichosahau ni kwamba mtu wa kanisa ndiye anayeaminiwa. Siku ya kuhesabiwa, mkubwa wa wahesabu aliuliza kupitia mkalimani ni nani mtaani anayefanya kazi ya dhahabu. Watu wakatazama viatu vyao. Mkubwa akachoka kungoja, akamwita yule mwenye joho, akaamuru aletewe msalaba aubusu kwa kiapo, kisha aseme.

Tverdila akaubusu. Angeweza kusema ni yeye. Angeweza hata kusema hajui, akachapwa yakaisha. Badala yake macho yake yalimwangukia Miloneg, mume wa dada yake, mtu mpole aliyefua bizimu za shaba za hatamu na hakuwahi kushika dhahabu maishani mwake.

“Huyu,” akasema.

Dobrava, dada yake, aliachama mdomo. Miloneg alimwangalia shemeji yake, akamwangalia padri aliyekuwa ametota jasho. Kama angekana, uongo ungefichuka, na shemeji na padri wangekatwa vichwa pale pale, na hilo alilijua.

“Ndiyo, ni mimi,” akasema. “Niruhusuni nichukue kofia, huko nasikia kuna upepo.”

Miaka mitatu ikapita. Tverdila aliamka na kengele, akalala na kengele, na tanuri halikuwashwa, kwani moshi wake ungemuumbua. Mabibi waliomba hereni, akawaambia waende Novgorod. Dobrava alifua nguo za watu ili watoto wale. Kila walipokutana kisimani, Tverdila ndiye aliyepinda njia.

Kisha mtawa mmoja akarudi kutoka Sarai, akaja moja kwa moja kwa Dobrava. Miloneg alikuwa hai. Alipopewa dhahabu aliiunguza. Walimpiga, akawaambia ufundi umemtoka njiani kwa baridi. Jina la mtu hakulitaja. Sasa alilisha ngamia. Na mtawa aliongeza jambo: msimamizi wa karakana alikuwa amesema akiletwa sonara anayejua kazi, yule bwege wa ngamia aende zake.

Dobrava alimkuta kaka yake akifagia ngazi za kanisa. Akamweleza yote bila kulia. Wahesabu wangepita tena baada ya msimu wa kukata nyasi.

“Sikulaumu, kaka,” akasema. “Nakuuliza tu. Bado unaijua ile kazi?”

Tverdila aliegemea fagio. Alihesabu moyoni: rangi ya buluu kwanza, kisha nyeupe, moto usizidi, dhahabu ipoe polepole chini ya majivu. Hakuna kilichokuwa kimepotea. Aliona aibu ikimpanda usoni kama homa, akadhani aibu kubwa hivyo lazima itamfanya mtu aseme kweli.

“Nimeshaisahau,” akasema.

Dobrava aliitikia kwa kichwa, akakaza kitambaa chake, akasema basi si kitu, akaenda kufua.