Kanisa la Sebuleni

Jumapili ya kwanza baada ya kanisa kuhama nyumbani kwake, Vumilia aliamka na mazoea yake yote. Alibandika chai kwenye sufuria kubwa, akateremsha vikombe visivyofanana kutoka kabati la juu, akasukuma makochi ukutani. Ndipo alipokumbuka kwamba hakuna anayekuja. Akasimama katikati ya sebule, chai ya watu thelathini ikitokota jikoni, akacheka peke yake. Kisha akakaa kwenye kochi lililo karibu, na kile kicheko kikamgeuka.

Kanisa lile halikuwa limeanza kwa mpango. Lilianza kwa theluji. Miaka kumi na kitu nyuma, mume wake Ombeni alikuwa akiendesha teksi hapo Alexandria, Marekani, na Februari ile theluji iliwakuta na wageni wawili waliokuja kula chakula cha jioni wakashindwa kurudi makwao: Ferdinand, kijana wa Songea aliyefanya usafi hotelini, na Chelagat, nesi kutoka Kericho. Asubuhi mabasi hayakutembea. Magari yote chini yalikuwa yamegeuka vichuguu vyeupe.

"Sasa leo hatuendi church?" Chelagat aliuliza, akichungulia dirishani. "Hii Sunday itapita tu hivi?"

"Kwani wale wa kwanza walikuwa na kanisa gani?" Ombeni akamjibu. "Walikaa kama tulivyokaa sisi, wakamega mkate, wakaomba. " Akamgeukia mkewe. "Mama Irene, kuna mkate?"

Mkate haukuwapo. Kulikuwa na chapati za jana, zikapashwa moto, zikamegwa.

Ombeni hakuwa mchungaji. Baba yake alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri huko Same, milimani Upareni, na alimlea mwanawe kwa kumtembeza kitongoji hadi kitongoji huku akimsimulia habari za mitume ili asichoke njiani. Kwa hiyo Ombeni alizisimulia vivyo hivyo, kama anayesema habari za jirani zake. Lidia wa Filipi, muuza nguo za zambarau, alikuwa mama mfanyabiashara asiyetaka mchezo: alisikia neno pale mtoni, akabatizwa, kisha akawaambia mitume, mnakuja kukaa kwangu na sitaki ubishi. Prisila na mumewe Akila walishona mahema, na kila mji waliohamia, nyumba yao ilikuwa kanisa. Walihama sana hao, alisema Ombeni. Walifukuzwa Roma, wakaenda Korintho, wakaenda Efeso. Wangeielewa Alexandria.

"Na waliamini nini hasa, hao?" aliuliza Ferdinand siku ile ya theluji. "Maana vitabu vyenyewe vilikuwa havijaandikwa bado."

Ombeni alimega kipande kingine cha chapati. "Waliamini kwamba yule seremala aliyesulubiwa hadharani, watu wote wakiona, yu hai. Basi. Na kama yu hai, basi mtumwa na bwana wake wakae meza moja. Hilo la pili ndilo lililowaletea shida zaidi, mimi naona."

Theluji ikayeyuka, lakini Jumapili iliyofuata Ferdinand na Chelagat walirudi, na kila mmoja alikuja na mtu. Mwaka ukapita, ikawa desturi. Wakaja Wakenya wa Germantown na watoto wao, wakaja Wakongo, wakaja wanafunzi ambao njaa iliwavuta zaidi ya neno. Watoto walijazwa chumbani juu ya kitanda, wakaulizwa kwa Kiswahili wakajibu kwa Kiingereza. Viatu vilijaa korido mpaka kwenye ngazi. Jirani wa chini alipolalamika kwa kugonga dari na fimbo ya ufagio, walijifunza kuimba kwa sauti ya chini, sauti nne zikipangana kama watu wanaobembeleza mtoto mmoja, na wengi walisema hawajawahi kusikia uimbaji mtamu kama ule.

Nyumba ilikuwa ghorofa ya tatu. Ombeni alipenda kuwakumbusha habari za Eutiko, kijana aliyesinzia dirishani ghorofa ya tatu Paulo akihubiri, akaanguka akaokotwa amekufa, na Paulo akashuka kumfufua. "Mimi si Paulo," alisema. "Ukisinzia, sinzia kwenye zulia."

Ombeni alifariki kwa moyo, ghafla, miaka miwili iliyopita. Kanisa likaendelea kukutana kwa Vumilia, Ferdinand akiongoza; naye kwa wakati huo alikuwa amesoma masomo ya jioni akawekwa mchungaji. Hata majira ya kuchipua mwaka huu, akabaki nyuma baada ya ibada, akamsaidia kukusanya vikombe.

"Mama," alisema, "tumepata ukumbi. Kanisa moja pale Columbia Heights wanatuachia kila Jumapili mchana. Watu hawaenei hapa tena."

"Mungu ni mwema," Vumilia alisema, akaendelea kuosha vikombe bila kugeuka.

Hakwenda Jumapili ya kwanza, wala ya pili. Akasema goti linamsumbua. Binti yake Irene alimpigia simu kutoka Germantown, akamwambia, "Mom, ni bus moja na train mbili tu. You'll be fine." Vumilia akasema ndiyo, mwanangu, na Jumapili ya tatu pia hakwenda. Alikaa akiangalia alama za miguu ya viti kwenye zulia. Pale kwenye kona ndipo alipokuwa akikaa Ombeni, kiatu kimoja amekivua, kidole chake kikipiga goti kila alipofika mahali patamu.

Alasiri hiyo mlango uligongwa. Alikuwa Johari wa mlango wa pili, mwanamke wa Mombasa, amefunika sahani kwa kitambaa.

"Nimekuletea mahamri. Mbona siku hizi kimya hivi, Mama Irene? Kuna mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa, dada. Kanisa limehama."

Johari aliweka sahani mezani, akakaa. "Wallahi nilikuwa nimezowea. Mimi huwa jikoni saa zile, na ukuta huu wenyewe karatasi tu. Marehemu akisema, mimi nakanda unga nasikiza. Yule kijana aliyeanguka dirishani, siku ile niliacha maji yakachemka mpaka yakakauka, nataka kujua kama amefufuka."

Vumilia alicheka hadi akajifuta macho kwa upande wa kanga.

"Huko walikohamia si kuzuri?" Johari aliuliza.

"Sijui. Sijaenda."

"Hujaenda!" Johari alimtazama kama mtu aliyesikia mkwe anakataa harusi. "Basi umewafukuza wewe, si wao waliohama. Nenda ukatizame, halafu uje unambie."

Jumapili ya nne akaenda. Basi, treni ya bluu, kisha ya kijani, goti likilalamika kila ngazi ya umeme ilipokuwa imeharibika. Ukumbi ulikuwa mkubwa, dari juu sana, maneno ya nyimbo yakimulikwa ukutani. Dada mmoja mwenye beji shingoni alimpokea mlangoni kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama, karibu sana. Ni mara yako ya kwanza kuabudu nasi?"

Vumilia aliitazama ile beji. "Marahaba," alisema hatimaye. "Ndiyo. Ni mara ya kwanza."

Akaketi nyuma. Waliimba kwa sauti zote walizokuwa nazo, vinanda na ngoma, na yeye alikazana kuisikia ile sauti ya chini ndani ya uimbaji huo, asiipate. Ferdinand alipomwona kutoka mbele alikatisha sentensi yake, akashuka na kuja kumshika mkono mbele ya watu wote, na dada mwenye beji akafunika uso kwa aibu. Hilo lilimpoza kidogo, si sana. Alitaka kwenda nyumbani.

Njiani kuelekea stesheni alisikia mtu akimfuata kwa haraka. Alikuwa mama wa makamo, kitenge cha rangi ya machungwa chini ya koti la baridi.

"Mama, pardon. Mimi ni Genoveva, wa Bukavu. Wanasema wewe ndiye mwenye ile nyumba ya Alexandria?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Mimi niko nakaa bâtiment, ile jengo ya nyuma yako. Ya pili, karibu na parking."

Vumilia alisimama. "Jirani yangu kabisa?"

"Kabisa. Tangu miaka tatu. Jumapili nilikuwa nasimamaka pale kwa parking, nasikia munaimba kwa dirisha. Nalia, nafuta macho, narudi kwangu. Siku moja nikapanda mpaka kwa mulango. Nikaona viatu mingi, nikasikia watu wanacheka. Nikasema, hii ni famille ya watu. Sitagonga."

"Lakini tungekukaribisha! Genoveva, tungekukaribisha kwa mikono miwili!"

"Najua sasa. Ile siku sikujua. Ni ngumu, mama, kugonga nyumba ya mutu." Alishusha sauti. "Hapa mulango ulikuwa wazi. Niliona bango ya Kiswahili, nikaingia tu."

Walishuka ngazi za stesheni pamoja, polepole, kwa ajili ya goti. Miaka yote ile Vumilia alidhani mlango wake uko wazi kwa sababu hakuwahi kuufunga. Hakujua namna unavyoonekana kutoka upande wa ngazi. Aliwaza kama hata nyumbani kwa Lidia kulikuwa na mtu aliyesimama nje, akisikia mkate unamegwa, akaogopa. Ombeni angekuwa na jibu. Au asingekuwa nalo, akaguna tu na kuvua kiatu cha pili.

Treni ilipotoka chini ya ardhi mwanga ukawajia usoni, na Genoveva akauliza, "Kulikuwa sauti ya baba moja, zamani. Maneno sikusikia vizuri. Alikuwa anasema nini?"

Vumilia alitazama mikono yake. Hakuwa amewahi kusimulia. Kazi yake ilikuwa chai. Sauti ilimtoka nyembamba mwanzoni. "Alikuwa akisema habari za mama mmoja, muuza nguo za zambarau..." Akaendelea. Mahali pengine alisahau mji, akauita Filipi mara mbili, na Genoveva akamwambia si neno, endelea. Walipofika kituo chao, Prisila na Akila walikuwa bado wako Korintho, na ikabidi wasimame kwenye baridi ya kituo cha basi ili wafike Efeso.

Alhamisi iliyofuata Genoveva alipika sombe, kisamvu cha kwao, na ugali, akamwita Vumilia aje kwake, yeye na jirani yake Johari. Johari alikuja na samaki wake mwenyewe. Hapakuwa na viti vya kutosha, kwa hiyo walikula mkekani, wote watatu, na Genoveva akamwomba Vumilia ashukuru kabla ya kula. Aliomba kwa Kipare, lugha ambayo hakuwa ameitumia na mtu tangu Ombeni aondoke. Hakuna aliyeielewa. Genoveva alisema amina, na Johari akasukuma sahani ya samaki katikati.