Bei ya Dume Jekundu

Mdomo wa Nelson ndio uliomponza. Mzee Mwikwabe, baba wa mchumba wake, alipomuuliza analipwa ngapi mgodini, hakutaja zile fedha zinazomfikia mkononi. Alitaja mshahara ghafi, milioni mbili nzima, akajikohoza kwa maringo. Mzee naye akaziweka kichwani. Siku wakwe walipofika Nyarero pamoja na Nelson kupanga mahari, aliwatajia bila kupepesa macho: ng'ombe thelathini.

Simioni, baba mdogo wa Nelson, alikuwa ametoka Mbalibali na matumaini tele. Sasa alikuwa anatafuta kofia yake chini ya kiti. Boke, mchumba mwenyewe, alisimama mlangoni na jagi la uji, akaiona ndoa yake inaondoka pamoja na kofia ile. Hasira zikampanda. Thelathini! Nelson angewatoa wapi? Binti haingilii mazungumzo ya mahari yake, na Boke alilijua hilo vizuri. Akaingilia.

"Tata, samahani. Lile dume letu jekundu, mnadani lilinunuliwa kwa ngapi?"

"Milioni na nusu!" Baba yake alijibu kabla hajakumbuka kumkaripia. Dume lile alikuwa analisimulia mpaka kanisani.

"Na nyumbani ulifika na ngapi?"

Hapo mzee akawaka. "Ushuru wamekata! Dalali kakata! Mwenye lori naye! Halafu watu wanasikia milioni na nusu, wanakuja kunikopa kama vile mimi nimeipata yote..."

Akamkazia macho binti yake.

"Ndiyo hivyo, Tata," Boke alisema. "Nelson alikutajia bei ya mnadani. Hiyo ndiyo ghafi. Kodi haijakatwa, mfuko wa hifadhi ya jamii haujakatwa, hakuna kilichoguswa."

Mzee alimgeukia Nelson. "Mura, kijana wangu, mbona hukusema?"

"Nilitaka unione mwanaume, mzee."

Mwikwabe akaangua kicheko, akacheka mpaka akafuta machozi kwa kiganja. "Haya. Kumi na tano. Na hao nawataka wafike hapa wote, asikatwe hata mmoja mkia!"

Jikoni mama yake Boke akapiga kigelegele. Simioni akairudisha kofia chini ya kiti. Boke alijiona mrefu kuliko nyumba nzima; akamimina uji, kikombe cha baba yake akakijaza mpaka ukingoni.

Cha Nelson alikipunguza kidogo.

"Makato," alimnong'oneza.