Tumbo Langu Lilipofunga Mizigo

Usiku wa kuamkia leo niliota tumbo langu linahama.

Nilikuwa nimelala na njaa. Nilikuwa nafuata mlo wa jirani yangu Haule, wa mayai na nyama tupu, kwa sababu kule kliniki waliniambia sukari imeanza kupanda, na Haule mwenyewe alikuwa amepungua mpaka akabadilisha mkanda. Mke wangu, Skolastika, hakupinga. Alinitazama tu nikitafuna yai, kama mtu aliyekuja kuona mgonjwa.

Katika ndoto niko mezani. Tumbo linafungua vifungo vya shati langu kutoka ndani, linatoka, linakaa kwenye kiti cha pili. Limebeba begi. Haliniamkii, nami siliamkii. Tumezaliwa siku moja.

"Fidelis," likasema, "mimi naondoka."

"Unakwenda wapi?"

"Popote wanapokula kwa utaratibu."

Nikaliambia kwamba taabu yote hii naipata kwa ajili yake.

"Kila Jumatatu unaniletea mgeni," likasema. "Mara maji ya ndimu, mara supu ya kabichi. Sijamzoea huyu, unamfukuza, unaleta mwingine. Halafu nikishalala unanigongea mlango na chapati."

Hiyo ya chapati nilidhani tunaijua wawili tu, mimi na giza.

Kliniki walikuwa wamenishauri nilisikilize tumbo langu. Nikakaa vizuri, nikalisikiliza. Lilizungumza mpaka kiti kikasinzia.

Lilipomaliza, meza haikuwepo tena. Tulikuwa mnadani, upande wa mitumba, ila kwenye henga hazikutundikwa nguo. Ilitundikwa milo. Fundi cherehani alikuwa sufuria kuukuu, jeusi kwa masizi, lenye tepu shingoni.

"Karibu, baba," akasema.

"Natafuta mlo utakaonikaa."

Ananivalisha ule wa Haule. Mayai yananibana kwapani. Shingoni sipumui.

"Mbona Haule umemkaa?"

"Haule ana mabega ya Haule," anasema fundi.

Najaribu wa supu ya kabichi. Huo unapwaya; upepo unaingilia mikononi na kutokea miguuni. Kabichi lenyewe linanitazama kutoka kifuani. "Hata mimi," linasema, "sipendi kuliwa na mtu aliyenuna."

Basi la Njombe linapiga honi. Tumbo linaokota begi lake, linaanza kwenda. Nashika pale lilipokuwa likikaa. Pako wazi, kama chumba cha mpangaji aliyehama, na nikikohoa nasikia mwangwi. Hapo ndipo naogopa.

"Ngoja," nasema. "Wewe unapenda nini?"

Tumbo linasimama. Kondakta anaita, haligeuki.

"Tangu tuzaliwe," linasema, "hujawahi kuniuliza."

"Sasa nakuuliza."

Linaweka begi chini. Linaona aibu kidogo. "Makande," linasema. "Majani ya maboga. Dagaa wa Nyasa. Ugali pia, lakini usiwe mlima. Na papai, kama lipo."

Fundi anainama, anatoa chini ya meza mlo uliokunjwa vizuri. Anaukung'uta.

"Huu mama yako alikuwa akikupikia," anasema. "Ugali ndio mpana, na mafuta yamezidi kwenye pindo. Tutaupunguza."

Ananivalisha. Anachukua chaki, ananizungushia mstari kiunoni. "Mwisho wake hapa," anasema, "ila tutafika taratibu. Ukiuvuta kwa nguvu utachanika."

Nikajitazama kwenye kioo. Nilifanana na mimi.

"Na sukari?" nikauliza.

"Kliniki uendelee kwenda," fundi akasema. "Mimi ni sufuria."

Tumbo likabeba begi lake, likaja mbele yangu, likapiga hodi. Nikasema karibu. Likavua viatu, likaingia.

Nikaamka. Kulikuwa kumeshakucha, na Skolastika alikuwa amesimama kando ya kitanda na kikombe cha chai, akiniangalia pale shati liliponipanda.

"Baba Beata," akasema, "nani amekuchora?"

Nikatazama. Mstari mweupe wa chaki, umenyooka, umenizunguka kiuno chote hadi mgongoni, mahali ambapo mkono wangu haufiki.

"Fundi," nikasema.

Skolastika akaugusa kwa kidole. Chaki ikabaki kidoleni. Akakipangusa kwenye kanga.

"Mayai yako yameiva," akasema baadaye. "Nikuletee?"

Nikaweka mkono tumboni, nikalisikiliza.

"Linasema moja linatosha," nikamjibu. "Na linauliza kama maharage na mahindi bado yapo."

Hakuniuliza ni nani anayesema. Alifunga kanga yake vizuri, akaenda kuyaloweka.