Saini ya Tatu

Nev alimtandika kaka yake ngumi ya mdomo kabla bia hazijafika mezani. Garth akaenda chini pamoja na kiti, kisogo kikagonga ukuta wa baa, na picha ya timu ya raga iliyokuwa imetundikwa pale ikamwangukia kifuani, kioo kikapasuka.

"Saini!" Nev alifoka. "Saini, mbwa wewe!"

"Sisaini."

Nev akamrukia. Akampiga mbavuni, akampiga shingoni, mpaka Lurch, mpiga drami wao, jitu refu kama mlango wa kanisa, akamnyanyua Nev kwa kiuno, miguu ikabaki inapiga hewa.

"Garth, nisikilize," Lurch alisema, anahema. "Huyu namshikilia kwa sekunde kumi. Ukisema tena husaini, namwachia."

Mezani alikuwepo Prentice, kijana wa kampuni ya rekodi kutoka Sydney, amezikumbatia karatasi zake kama mtu aliyeokoa mtoto kwenye moto. Alikuwa amekuja huku Cessnock, mji wa machimbo ya makaa, na habari njema. Kampuni inataka kutoa albamu ya vibao vikali vya bendi yao, Hewa Mbaya. Nyimbo kumi na mbili, picha za zamani, na safari ya nchi nzima, kuanzia Perth mpaka Cairns. Mkataba ulisema lazima wote watatu wasaini. Nev alikuwa ameshasaini. Lurch alisaini huku anafuta machozi, maana mgongo wake umekwisha na kazi ya kubeba mizigo sokoni imemshinda.

Garth alitema damu. "Albamu ya vibao vikali ni jeneza," alisema. "Ukishaitoa umekubali huna jipya. Bendi inayojiheshimu haijiziki yenyewe."

"Tumeshakufa, mwanangu!" Lurch alipiga kelele. "Tunapiga kwenye vilabu vya wazee, wanatuambia tupunguze sauti wasikie namba za bahati nasibu! Jeneza ndiyo kitu pekee tulichobakiza!"

"Basi itoke bila wimbo wa kwanza."

Prentice akacheka kidogo, akanyamaza alipoona hakuna aliyecheka naye. "Garth, rafiki yangu, bila 'Mia Mbili Kumi na Nne' hii si albamu ya vibao. Ni nyimbo kumi na moja ambazo mama yako tu ndiye anayezijua."

"Mama amekufa."

"Basi hakuna anayezijua."

Nev alining'inia mikononi mwa Lurch akimtazama kaka yake kwa macho ya mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Yeye na Garth tu ndio walijua kwamba habari ya jeneza ilikuwa porojo.

Miaka kumi na miwili nyuma wachimbaji wa makaa waligoma wiki kumi na moja. Mgodini kila mtu ana kibati chake cha namba. Ukishuka unakichukua ukutani, ukipanda unakirudisha, ili mlipuko ukitokea wajue nani yuko chini. Wakati wa mgomo vibati vyote vilining'inia pale, na mzee wa chama cha wafanyakazi alipita kila asubuhi kuvikagua. Asubuhi moja akakuta msumari mmoja mtupu, maana yake mtu ameshuka kazini kuwasaliti wenzake. Namba mia mbili kumi na nne. Cha Clarrie Tunks.

Clarrie aliapa hakushuka. Nani amsikilize? Kibati hakina mdomo wa kudanganya. Walimvunja mkono wa kulia siku hiyohiyo, wakachoma banda lake, mkewe akaondoka na watoto. Garth alikuwa na miaka ishirini na miwili, ana hasira na ana gitaa la besi. Akaandika wimbo wa kumlaani msaliti. Katikati ya wimbo muziki unakatika ghafla, kimya cha mapigo manne, na umati wote unapiga kelele jina: Clarrie! Nchi nzima ililipiga kelele hilo jina, hata watu wasiojua makaa yanafananaje.

Miaka minane baadaye walimzika mama yao, na Nev, amelewa chakari, alijitupa kwenye nyasi akasema. Yeye ndiye aliyeshuka. Mkewe alikuwa na mimba, ndani hamna hata viazi. Kibati chake kilikuwa mia mbili kumi na tano, akaogopa kukigusa, akachukua cha jirani. Basi.

Tangu siku hiyo Garth hakuuimba tena wimbo ule. Alisingizia koo, alisingizia uzee. Watu walimrushia makopo ya bia, mashoo yakaisha. Lakini hakumtaja ndugu yake, na hakwenda kwa Clarrie.

Siku ya pili baada ya ugomvi wa baa, redio ilitangaza albamu kana kwamba imeshasainiwa. Mtangazaji akaupiga wimbo mara tatu kabla ya chakula cha mchana. Garth akawasha gari, akaenda.

Clarrie aliishi peke yake nje ya mji, nyumba ya mabati na mbao. Alikuwa uani anachimba shimo. Pembeni yake, kwenye gunia, alilala mbwa wa rangi ya tope, koo limekatwa, na ubavuni wamempaka namba kwa rangi nyeupe. Mia mbili kumi na nne.

"Mzee Clarrie."

Clarrie aligeuka. Akamchapa na ubapa wa sepetu begani, Garth akapiga magoti.

"Alikuwa na miaka kumi na minne huyu mbwa," Clarrie alisema. "Kipofu. Aliwatingishia mkia, nina hakika."

"Mzee, najua si wewe. Najua hukushuka."

"Hata mimi najua sikushuka, mpumbavu wewe! Umeendesha gari mpaka hapa kunipa habari hiyo?" Sepetu ikashuka tena, safari hii mgongoni. "Umejua tangu lini?"

"Miaka minne."

Clarrie akaacha kupiga. Ikawa vibaya zaidi.

"Miaka minne," alisema polepole. "Mwaka juzi walinikojolea dukani, mbele ya binti wa kaunta. Ulikuwa unajua. Nani alishuka?"

Garth akageuza macho kwa mbwa.

"Basi unamjua na unampenda," Clarrie alisema. "Shika miguu ya mbwa."

Wakamzika. Walipomaliza kushindilia udongo, Clarrie alimwelekezea sepetu kifuani. "Mimi hukunidhuru kwenye ua wangu. Usinitubie hapa. Wimbo uliuimbia wapi? Kasemee hukohuko. La sivyo, ukirudi hapa nakupasua."

Jumamosi ilikuwa pikiniki ya wachimbaji kwenye uwanja wa raga. Jua kali, watoto wanakimbizana ndani ya magunia, wanaume wamebeba bia kwenye ndoo za barafu, pai za nyama na mchuzi wa nyanya mikononi. Hewa Mbaya walipangiwa saa tisa alasiri, juu ya lori la wazi. Prentice alikuwepo, kalamu mfukoni.

"Leo unauimba," Nev alimnong'oneza, akikaza nyuzi. "Unauimba, unashuka, unasaini."

"Leo nauimba."

Nev alishtuka. Alitaka kutabasamu, ikashindikana. "Kaka?"

"Piga gitaa lako, Nev."

Walipoanza 'Mia Mbili Kumi na Nne' uwanja mzima ulisimama. Akina mama waliacha vitoto kwenye mablanketi. Garth aliuimba kama zamani, koo lote, na aibu ilikuwa kwamba wimbo ulikuwa mtamu bado, ulimpanda mwilini kama pombe. Kikaja kile kimya. Watu elfu mbili wakavuta pumzi pamoja.

"CLARRIE!"

Lurch aliinua vijiti kurudisha muziki. Garth akamnyooshea mkono asipige.

"Clarrie Tunks hakushuka," alisema kwenye maikrofoni. "Niliandika uongo. Kibati chake kilichukuliwa na mtu mwingine."

Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha. Halafu kopo la kwanza likaruka, limejaa, likampiga kwenye nyusi.

"Umelewa, Garth!"

"Imba, mwanaharamu!"

"Nani basi?" mzee mmoja wa mbele alinguruma, yule ambaye enzi zile ndiye aliyevunja mkono wa Clarrie kwa bomba la chuma. Uso ulikuwa umempauka. "Sema nani! Usitupe maneno nusu. Nani?"

Garth alishika maikrofoni. Alikuwa amejiandaa siku tatu. Jina la herufi tatu tu, na ulimi haukulibeba. Alimwona Nev wa miaka sita, suruali ya kurithi, anamfuata nyuma kila mahali.

"Mtu," alisema. "Alikuwa na njaa. Alikuwa mtoto tu..."

Hakumaliza. Nev, aliyekuwa nyuma yake, alidhani jina linafuata. Alilishika gitaa kwa shingo, mikono miwili, akalizungusha kama shoka. Lilimpata Garth kwenye taya, mfupa ukalia kwenye maikrofoni, spika zote zikautangaza uwanja mzima.

Nev alisimama na gitaa mkononi, nyuzi zimekatika, na watu elfu mbili wanamtazama. Hapo hakuna aliyehitaji kuambiwa.

"Ni wewe," yule mzee alisema.

Walimvuta kwa miguu. Kichwa kiligonga ukingo wa lori, kikagonga ardhi. Kwanza walikuwa watano, halafu ishirini, halafu huwezi kuhesabu, mabuti ya kazi na viatu vya Jumamosi, na wanawake pia. Mmoja alipiga kelele, "Mkono! Mkono wa gitaa!" wakaunyoosha kwenye nyasi wakaukanyaga, mmojammoja, kwa zamu, kama watu wanaopanga foleni ya pai. Garth alijirusha kutoka kwenye lori, taya linaning'inia, akamlalia mdogo wake. Wakampiga naye. Lurch aliingia na stendi ya drami akavunja watu wawili pua kabla hajaangushwa. Polisi walipofika, watoto walikuwa bado wanashangilia.

Kwa Clarrie hakuna aliyekwenda kuomba radhi. Kule watu hawaombi radhi. Jumapili asubuhi alikuta kreti la bia getini, halina jina. Alizivunja chupa zote ishirini na nne kwenye barabara, moja moja, mbele ya magari yanayokwenda kanisani, na hakuna aliyepiga honi.

Hospitali waliwalaza ndugu wawili chumba kimoja. Garth taya limefungwa kwa nyaya, hawezi kusema. Nev mkono umekatwa vidole vitatu, na hataki kusema. Siku sita alitazama ukuta.

Siku ya saba akaja Prentice na maua.

"Jamani, poleni sana," alisema, akavuta kiti. "Lakini lazima mjue, simu haziishi. Kila redio inautaka wimbo. Na kuna mtu alirekodi pikiniki yote. Tumesikiliza. Kimya kile, halafu lile gitaa, halafu umati unapiga kelele 'Nev! Nev!'... Nywele zinasimama! Tunaiweka iwe wimbo wa kwanza. Jina la Clarrie linatoka, kama ulivyotaka. Saini tu hapa, Garth."

Akaweka karatasi kwenye blanketi, akafungua kalamu mwenyewe.

Garth aliiangalia ile kalamu. Kisha akaketi, akashusha miguu sakafuni, akachomoa sindano mkononi, akakishika kile chuma cha kutundikia dripu. Kilimpata Prentice sikioni. Kijana alianguka juu ya maua yake, akajaribu kutambaa kuelekea mlangoni, karatasi zimetapakaa, damu inadondoka juu ya majina mawili yaliyokwisha kuandikwa.

Garth alisimama juu yake, chuma bado mkononi. Kitanda cha pili kikalia.

"Mpige tena," Nev alisema.