Niliyemwombea kwa Sauti

Nilisema amina, nikafumbua macho, na damu ikanikauka. Kwenye kiti cha karibu na mlango, ambacho kilikuwa kitupu tulipoanza kuomba, alikuwa ameketi mke wa msimamizi wetu wa kiwandani. Kichwa alikuwa bado amekiinamisha, lakini nilijua kabisa kwamba ameyasikia yote.

Yote yenyewe ni haya: kwamba macho ya Mama Pindo yanafifia, kwamba hawezi tena kutunga uzi mweusi kwenye sindano, na kwamba Bwana amponye upesi kabla kiwandani hawajagundua. Mwenyewe hakuwepo siku ile. Niliomba kwa machozi, sauti ikajaa kile chumba cha nyuma ya kanisa. Wenzangu walivyoitikia "Ndiyo, Bwana!" nikanogewa, nikaongeza na habari ya mimi kumtungia sindano kwa siri chini ya meza. Miaka mingi imepita, na hadi leo sifiki kwenye amina kabla sijafumbua jicho moja.

Tulimwita Mama Pindo kwa jinsi pindo zake zilivyonyooka. Cherehani yake na yangu zilitazamana. Nilipofika mji ule sikuwa na ndugu wala jamaa, na ndiye aliyenigawia nusu ya chakula chake siku ya kwanza, akaniuliza, "Jumapili unasali wapi, mdogo wangu?" Miezi minane baadaye akaninong'oneza habari ya macho. Hata mwanawe wa kumzaa hakuwa amemwambia.

Asubuhi iliyofuata yale maombi nilimsubiri kwenye geti la kiwanda. Ningeweza kunyamaza, akadhani kuna mtu aliyetuona na zile sindano. Nilikuwa hata nimejipangia maneno mazuri, kwamba Roho ndiye aliyenisukuma kuomba vile. Yaliniishia mdomoni nilipomwona akija, akipapasa ngazi kwa mguu kabla ya kukanyaga.

"Dada, nimetoa siri yako. Jana, kwenye maombi. Mke wa msimamizi alikuwepo."

Hakupaza sauti. Angenizaba kofi ningeshukuru.

"Mimi nilikuambia wewe," alisema. "Mungu nilikuwa nimeshamwambia mwenyewe."

Saa nne akaitwa ofisini. Niliinuka nikamfuata bila kuitwa, nikasema zile sindano nilizitunga mimi, kama ni kufukuza watufukuze sote wawili. Msimamizi hakutufukuza. Mimi nilipewa barua ya onyo, na Mama Pindo akahamishiwa chumba cha pasi, kwenye mvuke na joto, kazi wanayopewa wasiojua kushona.

Wiki sita hakunisemesha. Kanisani alikaa mbele, nami nikajibanza nyuma, nikiwa na hofu kubwa kuliko ile ya ofisini. Niliogopa kwamba amenisamehe kama Wakristo tunavyotakiwa, ila rafiki yangu hatakuwa tena.

Jumapili ya saba alilipita benchi lake akaja kuketi kando yangu. Mchungaji alipotuambia kila mtu amshike jirani yake mkono waombeane, aliushika wangu. Kidole chake kimoja kilikuwa kimeungua na pasi.

"Niombee macho," alisema. "Ila leo, mdogo wangu, omba kimoyomoyo."