Sekunde za Maji Baridi

Mkaguzi alikuja kwa jambo moja tu, na shule nzima ilishalijua: kuna mzazi aliyepeleka maneno kwamba mwalimu wa kemia haoni vizuri. Asiyeona hashiki tindikali. Ikithibitika, maabara anaiaga leo leo.

Wanafunzi walimwita mwalimu huyo Nyuzijoto, na walimpenda kupita kiasi. Aliyeshika saa ya kubonyeza siku hiyo alikuwa mpwa wake wa kike, anayekaa kwake. Huyo alijua yote. Wiki iliyopita mjomba alimimina tindikali nje ya bika, kile chombo cha kioo cha maabara, ikatua karibu kabisa na vidole vya msichana mwingine. Mpwa akapangusa meza, asimwambie mtu.

Jaribio lenyewe jepesi. Unachora X kwenye karatasi, unaweka bika juu yake, unachanganya dawa mbili, unachungulia kwa juu. Dawa huchafuka taratibu mpaka X ipotee. Zikiwa za moto, ni upesi. Zikiwa baridi, utasubiri mpaka uchoke.

Nyuzijoto, mjanja wa watu, alianza na nyuzi sitini.

"Imepotea," akasema. Sekunde kumi na moja. Mpwa aliiona bado, lakini nani angebishania sekunde tatu?

"Sasa tuone ya barafu," mkaguzi akasema kutoka kwenye kiti chake.

Mpwa akairudisha saa kwenye sifuri. Kwenye baridi tofauti haitakuwa ya sekunde tatu tu.

Nyuzijoto akachanganya, akainama mpaka pua ikakaribia bika.

"Imepotea. Bonyeza."

Sekunde sitini na tatu. X ilikuwa pale pale, nyeusi. Aliyeiona ni mpwa peke yake, aliyesimama karibu na bika. Mkaguzi aliona saa tu. Kubonyeza kungemwokoa mjomba, naye alitamani mno kubonyeza. Akavikumbuka vile vidole. Kidole chake kikagoma.

"Bado, mjomba," akasema kwa sauti ndogo. Darasani hakuwahi kumwita hivyo.

"Bado?"

"Inaonekana."

Wakangoja. X ilipopotea kweli, saa ilisoma mia na kumi na nane. Mpwa akaenda ubaoni akaandika hiyo, machozi yakimlengalenga, kisha akaweka chaki chini.

Nyuzijoto alikuwa anavua koti la maabara, kifungo kimoja kimoja.

"Mia na kumi na nane ni ya dawa," akasema. "Andika na sitini na tatu, ya macho yangu. Lini nimekufundisha kuficha kipimo?"